Aliyetembea Darini kwa Bi Waridi

Paa la nyumba yako, nani aliwahi kupanda akalitazama kwa ndani? Usiniambie fundi alikuja. Sijauliza nani alikuja. Nimeuliza nani alipanda.

Naona umetazama juu. Wengi hufanya hivyo nikiwauliza.

Naitwa Atuganile. Kwa miaka sita nilikula na kuvaa kwa kukagua mapaa ya nyumba za watu hapa Mbeya. Nilisoma uhandisi wa majengo chuo kikuu, nikaota madaraja, nikaishia kuchokonoa mbao za watu kwa bisibisi. Shangazi yangu hadi leo huwaambia wageni kwamba niko "kwenye mabati", kama vile nina duka. Siwezi kumlaumu. Kwa jinsi nilivyoifanya kazi yenyewe, ni heri ningekuwa na duka.

Watu wakisimulia mambo ya namna hii husema yalimkuta jirani, au binamu wa jirani, au mpangaji aliyehama na hajulikani alipo. Ningefurahi sana iwe hivyo. Yalinikuta mimi, saa nne asubuhi, macho makavu, sijanywa hata chai ya tangawizi.

Kwanza uelewe nyumba zenyewe. Zile za zamani zilizopandana chini ya mlima Loleza zimejengwa kwa kung'ang'ania mteremko. Nyuma, paa linakaribia kugusa ardhi. Ukisimama kwenye njia ya juu unaweza kuweka kikombe chako juu ya bati. Mbele ni habari nyingine. Mbele nyumba imesimama juu ya msingi wa mawe unaowapita watu wawili kwa kimo, na chini yake kuna ngazi za mawe zinazoshuka hadi mtaani. Kwa hiyo mkaguzi akifika na njia ya juu, paa zima liko chini ya pua yake kama sinia. Anaona bati, anaona misumari, anaona kofia ya paa. Anaondoka.

Ofisini kwetu tuliita hiyo "kupiga jicho". Fomu ilikuwa na sehemu mbili, nje na darini. Ya nje tulijaza tulichokiona. Ya darini tulijaza kwa imani. Nyumba tano kwa siku, wakati mwingine saba, na hakuna aliyepanda ngazi. Bosi wetu Isakwisa alikuwa anasema mbao za wakoloni haziozi. Nilikuwa najua ni upuuzi. Kwenye mteremko ule ubovu haukai nyuma unakoonekana, unakaa mbele, ambako upepo wa bondeni husukuma mvua chini ya bati mwaka baada ya mwaka, na boriti inayobeba kenchi zote inaoza taratibu gizani. Nilifundishwa hilo darasani. Niliwahi hata kulifundisha.

Jumamosi moja ya Oktoba, Isakwisa akanipigia simu asubuhi.

"Atu, kuna nyumba moja ni lazima uende wewe."

"Leo? Bosi, leo mdogo wangu anaolewa Nyololo. Nina basi la saa tano."

"Utaliwahi. Mlango wa darini uko chumbani kwa mjane, na mjane yuko edani. Mimi pale siingii hata nijifunge khanga."

Akacheka mwenyewe. Alikuwa na hoja. Bi Waridi alifiwa na mumewe mwezi Agosti, na mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi bila kuonana na wanaume wasio wa kwake. Mkaguzi mwanamke nilikuwa mimi peke yangu. Kwa maneno mengine, kama kulikuwa na nyumba moja Mbeya nzima ambayo ningepaswa kupanda mwenyewe, ilikuwa ile.

Nilifika nimeshapambwa. Mimi ndiye niliyekuwa matroni, na usiku uliotangulia nilikaa saluni saa sita nzima. Nywele zilisukwa juu, zikazungushwa kama kikapu, zikachomekwa pini kumi na mbili zenye vichwa vya lulu nyeupe. Msusi alinionya nisizitikise mpaka picha zipigwe.

Mlangoni nilipokewa na Faraji, kitindamimba wa Bi Waridi. Alikuwa fundi bati, mwembamba, kofia ya mkono kichwani, penseli nyuma ya sikio. Akanitazama kuanzia nywele hadi viatu.

"Injinia, unakuja kukagua au unakuja kuolewa?"

"Matroni," nikamsahihisha. "Bibi harusi ni mdogo wangu."

"Basi popo wa darini kwetu leo wana bahati. Miaka yote wanatembelewa na mimi tu na jasho langu."

"Kama unapanda, mimi umeniitia nini?"

Akaacha mzaha. "Mimi ni mtu wa bati, dada. Mbao sizielewi. Nataka nipande juu nigongee bati upya kabla mvua hazijaanza, ila ninataka kujua kama boriti ya mbele itanibeba. Wewe umesomea." Akalisema hilo la mwisho kwa heshima kabisa, bila kejeli. Ndilo linaloniamsha hadi leo.

Ngazi ilikuwa imeshasimamishwa chumbani, chini ya mlango wa darini. Ni kimlango cha mraba, cha mbao, unakisukuma kwa kichwa. Ndiyo, kwa kichwa. Bi Waridi alikuwa kwenye mkeka wake, amevaa nyeupe, anaswali dhuha. Nikasimama kando nikingoja amalize, kwa adabu. Halafu nikatazama juu. Kingo za ule mlango zilikuwa nyeusi tititi kwa masizi ya jiko la kuni la miaka hamsini, na utando wa buibui unaning'inia kama kitambaa.

Nikagusa nywele zangu.

Saa ya ukutani ikasema saa nne kasoro dakika mbili.

Bi Waridi akasujudu. Nikatoka nje kwa ncha za vidole.

Nilikaa barazani nikajaza fomu. Sehemu ya darini niliandika: kenchi zote salama, boriti ya mbele salama, mkaguzi alipanda. Saini, tarehe 17/10. Faraji akaja na bilauri ya juisi.

"Umemaliza mara hii?"

"Nimezoea."

"Na boriti?"

"Iko salama."

"Alhamdulillahi," akasema, na akashukuru kwa mikono miwili.

Basi nililiwahi. Pale Nyololo, kwenye chumba cha kuvalia, mdogo wangu Esnath alinigeuza shingo kuelekea dirishani, akiwa na shela lake kichwani.

"Dada, umetoka wapi? Una masizi."

"Wapi?"

"Huku nyuma. Na utando wa buibui. Kha! Ulipanda darini na nywele hizi?" Akanifuta kwa kitambaa chenye mate, kama mama alivyokuwa akitufanyia. Kitambaa kikawa cheusi. "Na pini moja imedondoka. Ziko kumi na moja."

Nikacheka, nikamwambia ni kazi. Nilidhani labda niligusa ukuta. Halafu ngoma ikaanza, nikasahau.

Wiki tatu baadaye Faraji alipanda juu ya paa. Alianza nyuma, akafika kwenye kofia ya paa, akashuka upande wa mbele akigongea. Majirani walisema walimsikia anapiga mluzi. Alipofika ukingoni boriti ilikatika kama biskuti iliyoloweshwa kwenye chai. Akaenda nayo hadi kwenye ngazi za mawe.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Isakwisa aliandika ripoti ya tukio yeye mwenyewe. Aliniletea mezani, mistari sita, na mmoja wao ulisema marehemu alidhaniwa kuwa amelewa wakati akifanya kazi.

"Faraji alikuwa hanywi," nikasema. "Hata harufu."

"Umejuaje? Ulimpima?"

"Bosi."

"Atu, sikiliza. Ama ni yeye, ama ni wewe. Uliandika ulipanda. Ulipanda?"

Nikatia saini. Akanipigapiga begani, akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, kama vile nimempa zawadi. Na pengine nilimpa.

Karatasi ile haikubaki ofisini. Karatasi za namna hiyo hazibaki. Kabla ya arobaini mtaa mzima ulishajua kwamba kijana wa Bi Waridi alikufa amelewa, mwezi wa tatu tu baada ya baba yake, mama akiwa edani. Nilisikia kwamba kwenye hitima wengine hawakufika. Nilisikia kwamba mjane wa Faraji alipokuja kuchukuliwa na ndugu zake, waliongea hadi barabarani, kwa sauti. Nilisikia mengi. Sikuuliza lolote. Nilibadilisha njia ya kwenda kazini ili nisipite chini ya zile ngazi.

Mwezi Machi, kaka yake Faraji akaja ofisini. Anaitwa Muhidini, ana duka la vipuri Igawa, mtu mkubwa wa mwili, mpole. Alisimama mbele ya meza yangu bila kukaa.

"Dada Injinia, mama anakuita nyumbani."

"Kuna tatizo la paa?"

"Kuna mtu anatembea darini." Akasema hivyo tu, kama mtu anavyosema kuna bomba linavuja. "Kila siku, saa nne. Tumesoma dua, hakuna kitu. Mama hataki sheikh mwingine. Anakutaka wewe."

Isakwisa alifurahi. Akanipa karatasi ya familia kukubali kwamba shauri limeisha. "Nenda kamtulize yule bibi," akasema. "Mweleze habari za bati. Akitia dole gumba, faili linafungwa."

Nilikwenda asubuhi ya ukungu, ule ukungu wetu wa Mbeya unaokaa mtaani kama mgeni asiyejua kuaga. Nilipita njia ya juu kwa mazoea. Nikaona upande wa mbele wa paa turubai la bluu limefungwa kwa kamba juu ya pengo. Sikusimama.

Bi Waridi eda yake ilikuwa imekwisha, lakini alikuwa bado chumbani mle mle, kwenye mkeka ule ule. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Ulifika salama harusini siku ile?"

Hilo sikulitegemea. "Nilifika, bibi."

"Mdogo wako hajambo?"

"Hajambo. Ana mimba."

"Mashaallah." Akaufuta mkeka kwa kiganja, ingawa ulikuwa safi. "Mwanangu, mimi sitaki fidia. Muhidini anataka, mimi sitaki. Nataka ile karatasi inayosema Faraji alikuwa amelewa ifutwe. Alikuwa akiniamsha alfajiri, huyu. Mjukuu wangu atakua, ataambiwa baba yake alianguka kwa pombe. Hilo tu. Nataka jina lake."

Kwenye mkoba wangu karatasi ya Isakwisa ilikuwa nzito kama tofali.

"Na hizo hatua, bibi," nikasema haraka, "bati lina tabia hiyo. Jua likilipiga linapanuka, linalia, unaweza kudhani mtu anatembea. Ni kawaida kabisa kwa nyumba za..."

"Jua liko wapi?"

Nikatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umeegemea vioo.

"Majirani wanadhani ni Faraji," akaendelea. Alikuwa ameshusha sauti, na Muhidini mlangoni akainamisha kichwa. "Wananipa pole, wanasema mwanao hajapumzika. Mimi nimemzaa Faraji. Nimemsikia akitembea juu ya kila paa la mtaa huu. Faraji alikuwa na kisigino kizito. Hizi si hatua zake."

"Ni za nani?"

Akanitazama kwa huruma. Ningependelea chuki.

"Siku ile uliyokuja, nilikuwa naswali. Nilikusikia ukiwa juu. Hatua nyepesi, za mwanamke. Ulikwenda mpaka mbele, ukasimama, ukagonga mbao mara tatu kwa kitu cha mpini. Ukarudi. Faraji aliponiuliza, mama, ni kweli yule dada alipanda? Nikamwambia ndiyo, nimemsikia kwa masikio yangu. Ndipo akakubali kupanda."

Bisibisi yangu. Nikikagua mbao kweli, huwa ninazigonga kwa mpini wake. Mara tatu. Nilifundishwa hivyo.

"Ni zile zile, mwanangu. Tangu siku aliyokufa zimerudi. Ni zako." Akashika mkono wangu. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Nimekuita uje ujitoe darini kwangu."

Saa ya ukutani, iliyotegwa kwa majira ya Kiswahili, ikagonga.

Moja.

Mbili.

Tatu.

Nne.

Halafu, juu yetu, ubao ukalia.

Nilijiambia panya. Panya hana uzito huo. Nilijiambia popo. Popo hatembei. Hatua ikaja, ikafuatwa na nyingine, kwa uangalifu, za mtu anayekanyaga juu ya kenchi tu ili asitoboe dari. Mtu aliyesomea. Zilipita juu ya kitanda. Zikapita juu ya kabati. Zikafika mbele, upande wa bondeni.

Zikasimama.

Ko. Ko. Ko.

Vumbi jembamba likaanguka kutoka kwenye ubao wa dari, likatua begani kwangu.

Sasa, mimi ni mtu nisiyeamini vitu hivi. Bado sijui kama ninaviamini. Ninachojua ni kwamba niliona aibu kutetemeka mbele ya bibi wa miaka sabini ambaye alikuwa hatetemeki. Nikasimama.

"Leta ngazi," nikamwambia Muhidini.

"Mlango una misumari, dada. Niliupiga mwenyewe siku ya maziko. Mama alikuwa anataka kupanda kuona mahali mwanawe alipokanyaga."

"Kuna aliyepanda tangu hapo?"

"Tangu hapo? Hakuna aliyepanda tangu wewe."

Aling'oa misumari sita kwa nyundo, mmoja mmoja. Ilikuwa imeshika kutu. Nikapanda. Nikasukuma mlango kwa kichwa, na masizi yakanimwagikia nywele, shingo, mgongo, na kwa sekunde moja ya kijinga nikawaza: basi, ni hili tu? Ni hiki ndicho nilichokuwa nakikwepa?

Nikawasha tochi.

Darini kulikuwa kimya. Turubai la bluu mbele lilikuwa linapumua, linaingia na kutoka. Hapakuwa na mtu. Nikamulika kenchi ya kwanza, nikaona alama ya chaki ya bluu.

Mimi hutumia chaki ya bluu. Mama yangu alikuwa mwalimu, na nyumbani hazikuwahi kukosekana. Ubao mzima naupigia tiki, mbovu naupigia eksi, chini naandika tarehe. Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo tiki zangu huegemea upande usio wake. Na saba yangu ina kistari katikati, mama alitulazimisha.

Kenchi ya kwanza: tiki, imeegemea kushoto. 17/10.

Ya pili: tiki. 17/10. Saba ina kistari.

Ya tatu. Ya nne. Nikatambaa. Magoti yaliuma. Ya tisa ilikuwa na tiki ndogo, na kando yake neno "angalia tena", kwa mwandiko ambao naujua kama uso wangu, kwa sababu ni wangu.

Muhidini alikuwa amepanda nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake na nikaona mwanga wa simu yake ukipita kwenye mbao.

"Hii ndiyo kazi yako?" akanong'ona.

Nilikuwa nimefika mbele.

Kipande cha boriti kilichobaki kilikuwa kimeng'ang'ania ukutani, kimeoza, laini kama ugali wa jana. Juu yake kulikuwa na eksi kubwa. Mbili. Chini yake, herufi kubwa za bluu:

ASIPANDE MTU HAPA. 17/10.

Chini ya maneno hayo, kwenye vumbi, kulikuwa na kitu cheupe. Nilikiokota kabla Muhidini hajakiona. Nilikijua kwa vidole kabla sijakijua kwa macho. Ni pini. Kichwa chake ni lulu.

"Kumeandikwa nini?" sauti ya Bi Waridi ikapanda kutoka chini.

Muhidini akamsomea. Alisoma polepole, kila herufi, na alipofika kwenye tarehe sauti yake ikakatika.

Akanigeukia. Gizani niliona macho tu.

"Uliona," akasema. "Uliona kwamba imeoza. Ukaandika kwa mkono wako. Halafu ukashuka ukamwambia mdogo wangu iko salama."

"Hapana."

"Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Basi uliona."

Hakunigusa. Alishuka. Nikamsikia akikaa sakafuni, mtu mkubwa vile, kama gunia.

Nilibaki pale na pini mkononi. Nikaelewa nilivyobanwa. Karatasi yangu mwenyewe ilisema nilipanda. Bi Waridi alinisikia nikipanda. Masizi yalikutwa kichwani kwangu Nyololo, mbele ya mashahidi. Mwandiko, tarehe, pini. Hakuna mahakama duniani ambayo ingesema sikupanda. Na kama nilipanda, basi nilimuua Faraji nikiwa naona. Kwa miezi mitano nilikuwa nimeulinda uongo ule kama yai. Sasa yai lilikuwa limetotoa.

Nikashuka. Nikafika sakafuni. Nikafungua mdomo niseme kwamba nahitaji kurudi ofisini kuangalia kumbukumbu. Naapa, hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yanakuja.

Juu, ubao ukalia.

Sote watatu tulikuwa chini.

Hatua zikaanza kule mbele, kwenye boriti. Zikageuka. Hazikusimama juu ya kabati. Hazikusimama juu ya kitanda. Zilikuwa zinarudi, nyepesi, za mtu aliyemaliza kazi yake na sasa anataka kushuka. Zikafika kwenye mlango wa darini, ule mraba mweusi ulio wazi, ambao hapakuwa na mtu wa kuufunga.

Masizi kidogo yakaanguka.

Kipago cha juu cha ngazi kikalia. Kikapinda, kama kinavyopinda kikibeba uzito wa mwanamke wa kadiri yangu.

"Ya Rabi," Muhidini akanong'ona.

Bi Waridi hakutazama ngazi. Alikuwa ananitazama mimi.

Kipago cha pili kikalia.

"Sikupanda," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo. Nikairudia, safari hii kwa nguvu, kwa yule bibi, kwa Muhidini, kwa kile kilichokuwa kwenye ngazi, huku pini ikinichoma kiganjani.

"Bi Waridi, mimi siku ile sikupanda. Nilisimama hapa hapa, wewe umesujudu, nikaogopa masizi yataniharibia nywele. Nikatoka kwa kunyata. Nikaandika nimepanda. Faraji aliniuliza kama boriti itambeba, nikamwambia iko salama, na sikuwa nimeiona. Hakuwa amelewa. Hajawahi kulewa. Niliitia saini karatasi ile nikijua. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemuua mwanao."

Kipago cha tatu hakikulia.